Mlango Wangu wa Mbweha

Kusoma sijui. Herufi nazijua kwa sura tu, kama ninavyowajua mbuzi wa jirani: huyu ana pembe, huyu ana tumbo. Zikikaa pamoja haziniambii kitu. Ila sauti! Sauti ya mtu ikiingia sikioni mwangu haitoki tena. Nikikusikia leo unaomba chumvi dukani, kesho nakwenda kuomba chumvi kwa sauti yako, na muuza duka atakuuliza wewe ile ya jana imekwisha lini.

Shehe wetu hapa Nandagala nilimfanya siku moja, niko uani kwangu. Yeye kabla ya kumkemea mtu anakohoa mara tatu, halafu anavuta pumzi puani. Nikakohoa mara tatu, nikavuta. Mkewe akatoka mbio upande wa pili wa ua na birika la kutawadhia. Tulicheka mpaka yule mke mwenyewe akakaa chini. Na wanangu, walipokuwa wadogo, nikiwaita kwa sauti yangu walikuwa hawaji. Nikiwaita kwa sauti ya baba yao, wanakuja huku wanafuta midomo.

Sasa mwanangu wa mwisho, wa kike, ana duka la steshenari Ruangwa mjini. Anatoa kopi, anapiga picha ndogo za vitambulisho, na kazi yake kubwa ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Huyu anataka cheti cha kuzaliwa, yule anaombea mtoto chuo, mwingine anatafuta ajira. Ufuta ukishaingia ndani na mimi nikishachoka kuangalia jogoo, nafunga mlango Nandagala naenda kukaa kwake. Pale dukani nina kiti changu cha plastiki karibu na feni, na kazi yangu ni kutania wateja.

"Mama, utanikimbizia watu," mwanangu ananiambia.

Wanakimbia wapi? Wanakwenda kuwaita wenzao.

Ana kompyuta moja, ile ya kukunja. Kwenye kioo chake kuna picha nne ndogo zimepangana chini. Moja ni duara la rangi rangi kama mpira wa watoto. Moja ni mnyama wa rangi ya moto amejikunja, mkia umemzunguka, mwanangu anasema ni mbweha. Moja ni pete nyekundu. Ya nne ni kama wimbi la bluu. Mwanangu anaziita brauza. Mwalimu mstaafu wa jirani, ambaye anaongea na kila mtu kama yuko mbele ya ubao, anasema, "Ki-vi-nja-ri. Tunaelewana?" Mimi naziita milango, maana nilichoona ni kwamba ukigusa yoyote unaingia kule kule mtandaoni. Nyumba moja, milango minne.

Mwanangu alikuwa anatumia mmoja tu, lile duara la rangi. Kazi anaingilia hapo, magauni ya mitindo anaangalia hapo hapo. Na mimi, mchana wateja wakipungua, ananifungulia hapo hapo niangalie mieleka.

Usicheke. Mimi napenda mieleka. Wale wanaume wamejaa mafuta mwilini, wanarushana kama magunia ya mbaazi, halafu aliyerushwa anaamka anatikisa kichwa kama mtu aliyeota ndoto mbaya. Nilishajifunza mwenyewe kusogeza ile panya ya kompyuta, kubonyeza, kurudi nyuma. Picha nazijua, herufi za nini?

Aibu ya kwanza ilikuja siku yule mwalimu alipoleta barua yake ichapwe. Mwanangu kufungua tu, yakajipanga pale juu mambo yote niliyoangalia mimi jana yake, na picha zake. Mapaja matupu mstari mzima.

Mwalimu akavua miwani. Akaipangusa. Akaivaa. "Binti," akasema, "hii ndiyo kazi inayofanyika hapa?"

"Siyo mimi, mwalimu. Ni mama."

Akanigeukia, shingo kwanza, mabega baadaye. "Bibi. Kwa umri huu?"

Nikamjibu kwa sauti yake, "Tunajifunza mazoezi ya viungo. Tunaelewana?"

Siku hiyo mwanangu akasema, "Mama, lazima nikutengee brauza yako. Kazi iwe huku, mieleka iwe kule." Akasema kesho. Kesho wakaja wateja. Ukaja mfungo, ukaisha. Milango ikabaki minne na sisi tunasukumana kwenye mmoja.

Hapo ndipo alipokuja baba wa ng'ombe.

Huyu ni Msukuma, katika hawa waliokuja na mifugo yao kutoka kule ziwani, wakakaa upande wa Mbwemkuru. Niseme ukweli, mimi na watu wa ng'ombe hatukuwa na mapenzi. Mwaka uliopita ng'ombe waliingia kwenye mbaazi zangu wakala mpaka wakalala. Hawakuwa wake, lakini nani anamuuliza ng'ombe jina la tajiri wake? Niliwasema hawa watu hadharani, sokoni, kwa sauti, na sauti yangu mnaijua.

Basi akaingia, mrefu, fimbo mabegani, mikono ameining'iniza kwenye fimbo. Akabisha hodi kwa salamu ya Kisukuma akiwa ameshafika katikati ya duka.

"Mwangaluka! Nimeleta mtoto wangu kwenye kompyuta."

Mwanangu akachungulia nyuma yake. "Mtoto yuko wapi, baba?"

"Yupo Mnero, anafagia zahanati. Karatasi zake ndiyo hizi."

Akatoa mfuko wa nailoni kifuani. Binti yake alimaliza kidato cha nne akafaulu. Anataka uuguzi. Pale Mnero anafagia, lakini akisikia mama analia uchungu anaacha ufagio anakwenda kusimama mlangoni. "Huyu mtoto," akasema yule baba, "ndama wangu wote anawazalisha yeye. Amekaa vibaya tumboni, yeye anamgeuza. Mkono wake mdogo, unajua mambo makubwa." Na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Jioni maombi yanafungwa, ukikosa ni mpaka mwaka mwingine. Na akatuambia wazi, ameketi sasa kwenye benchi, fimbo magotini: ndugu zake wameshaleta mtu wa kumuoa yule binti, na yeye amewajibu kwamba anasubiri chuo. Mwaka huu wamekubali kusubiri. Mwaka mwingine hawatakubali.

Mwanangu akafungua lile duara la rangi, akaanza kumuuliza. Vyeti vya shule akaviweka kwenye mashine vikaingia ndani. Mengine yote yakawa ya mdomo: alizaliwa lini, kijiji gani, shule ya msingi wapi, mama yake nani, ndugu wa karibu nani.

Jamani, ile sauti! Anaongea kama yuko ng'ambo ya bonde. Maneno ya mwisho anayavuta, halafu anayaachia ghafla kama mtu aliyekata kamba. Mimi kwenye kiti changu siwezi kujizuia. Kila anachosema, nakisema nyuma yake polepole, midomo inacheza. Kulikuwa na mama mmoja anasubiri kopi, akafunika uso na kanga, mabega yanatikisika.

Alipoulizwa vyuo vitatu kwa mpangilio, akasema, "Cha kwanza uuguzi! Cha pili uuguzi! Cha tatu uuguzi!"

"Baba, ni chuo kipi na kipi."

"Aaa. Cha kwanza cha hapa karibu, nimwone. Cha pili Mtwara. Cha tatu kule kwetu ziwani, shangazi yake yupo."

Na namba ya simu ya mdogo wake, ndugu wa karibu, akaitaja kama anahesabu mifugo inaingia zizini: tatu wakapita, tatu wakapita, tatu wakapita, halafu ile ya mwisho peke yake, akaivuta kama ndama aliyebaki nyuma. Nikamfuata mpaka kwa ndama.

Akageuka. "Mama, unanicheka?"

"Sikucheki baba, nakusindikiza."

Hakucheka. Nikasema moyoni, huyu hana utani, au utani wake ameuacha ziwani.

Fomu ikajaa. Kubonyeza kutuma, mtandao ukakata. Wakasubiri. Wapi. Yule baba akaanza kuangalia jua, ng'ombe wake wako na watoto wadogo. Mwanangu akamwambia, "Nenda baba, mtandao ukirudi natuma. Ni kubonyeza tu." Akakusanya karatasi zake zote mfukoni, akaacha simu yake inachaji kwetu maana kwake umeme hakuna, ataifuata kesho. Akapanda pikipiki akaondoka.

Mwanangu naye akatoka kwenda kuswali adhuhuri na kununua mboga. "Mama, usiguse. Mtandao ukirudi niite."

Usiguse! Ananiambia mimi.

Nikakaa. Feni inazunguka. Nikaona kile kialama cha mtandao kimejaa tena. Nikasema, kabla sijamwita nihakikishe kwanza, maana nikimwita bure atanisema. Mtandao unahakikishwa na nini? Na mieleka. Nikabonyeza, wanaume wakatokea, mmoja ameshikwa shingo. Mtandao upo.

Sasa tazama nilichofanya. Pale juu ya kioo kulikuwa na vikaratasi vingi vimepangana, kila kimoja kina kitu chake ndani, na kimoja ndicho kile cha Msukuma. Mimi nimelelewa hivi: mgeni akishakula akaondoka, sahani yake haibaki mkekani. Mama yangu alikuwa anasema sahani ya mgeni aliyeondoka inaita maneno nyumbani. Mgeni bado yuko njiani, wewe umeshakusanya, umeshaosha, umeshafunika. Sasa yule baba amekwenda, vyombo vyake vimebaki vimeenea kwenye kioo, na mwanangu amekwenda kuswali. Nyumba gani hii? Nikaanza kukusanya. Kila kikaratasi kina kimsalaba pembeni, ukikibonyeza kinaondoka. Kimoja kikaniuliza kitu kwa maandishi. Nikakiitikia, kama unavyoitikia hodi, nikabonyeza hapo hapo palipong'aa. Kikaondoka. Kioo kikawa safi, wakabaki wanaume wangu wawili na mieleka yao. Nikafurahi kama mtu aliyeosha vyombo vya harusi.

Mwanangu aliporudi na fungu lake la mchicha nikamwambia, "Mtandao umerudi, na nimekukusanyia vyombo."

Akaangalia kioo. Mchicha ukaanguka.

"Mama. Fomu iko wapi?"

"Fomu ipi?"

"Ya yule baba! Ilikuwa haijatunzwa popote, mama! Inatunzwa ukishatuma!"

Sikumwogopa mwanangu. Nilimwona yule binti na mkono wake mdogo unaojua mambo makubwa. Nikawaona wale ndugu na mtu wao wa kuoa. Na nikajisikia mimi mwenyewe, mwaka jana, sokoni, nawasema watu wa ng'ombe. Nani ataamini nilikuwa naosha vyombo? Watasema bibi wa mbaazi amelipa kisasi.

Mwanangu akachukua simu yake akampigia. Ikaita. Ikaitia pale pale, kwenye kona, juu ya chaja. Tukatazamana. Akaichukua ile simu ya mzee, ikadai namba za siri. Karatasi zimekwenda na mwenyewe. Kumtuma mtu wa pikipiki mpaka Mbwemkuru, amtafute porini, amrudishe, jioni itakuwa imeshafika na kupita. Vyeti tu ndivyo vilivyobaki kwenye mashine, na vyeti havijui mama ya mtu ni nani wala shule ya msingi alisoma wapi.

Mwanangu akakaa, akashika kichwa.

Nikamwambia, "Fungua upya."

"Niandike nini, mama?"

Nikanyanyuka. Nikachukua ufagio nikauweka mabegani, mikono nikaining'iniza. Nikavuta pumzi mpaka kwenye kitovu. "Mwangaluka!" nikasema. "Nimeleta mtoto wangu kwenye kompyuta."

"Mama, siyo wakati wa mchezo."

"Niulize! Niulize kama ulivyomuuliza!"

Akaniuliza. Alizaliwa lini? Nikajibu, na neno la mwisho nikalivuta nikalikata. Kijiji? Wilaya? Shule? Mama yake? Kwa sauti yangu nisingekumbuka hata moja, wallahi. Mimi hata siku aliyozaliwa huyo mwanangu mwenyewe naijua kwa mvua tu. Lakini ile sauti ilikuwa inakuja na mizigo yake yote, mmoja nyuma ya mwingine, kama ng'ombe wanaojua njia ya zizini. Mwanangu akawa anaandika, vidole vinakimbia. Vyuo: cha kwanza uuguzi, cha pili uuguzi, cha tatu uuguzi, akacheka na machozi yako palepale. Namba ya simu: tatu wakapita, tatu, tatu, na ndama.

Akaacha kuandika. "Na kama umekosea?"

"Piga hiyo namba."

Akapiga, akaniwekea sikioni. Mimi bado niko ndani ya ile sauti, sijatoka. Mtu akapokea kule mbali, upepo unavuma. Nikatoa salamu yao ya mchana, niliyoizoea kuisikia sokoni, "Mwadila!"

"Mwadila, kaka! Mbona namba ngeni? Na hiyo sauti, umemeza kuku mzima?"

Mwanangu akaninyang'anya simu. Akamweleza yule mdogo mtu mambo yote, akamsomea moja moja tulichoandika. Alikuwa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Hiyo ndiyo." Palibadilika herufi moja ya jina la mama, basi. Alasiri inaadhiniwa, mwanangu akabonyeza kutuma. Ombi likazunguka, likazunguka, mimi naliombea dua zote nizijuazo na nyingine nazitunga. Likakubali. Mashine ikatema karatasi ya kupokelewa, bado ina joto. Nikaishika kifuani, ingawa siwezi kuisoma.

Kesho yake yule baba alikuja kuchukua simu. Mwanangu alitaka tunyamaze. Nikasema hapana. Nikamweleza mwenyewe, kwa sauti yangu, kila kitu mpaka mieleka. Akasikiliza amesimama. Akasema tu, "Mama, ungenipotezea mtoto." Akachukua simu yake na ile karatasi, akatoka.

Zaidi ya hapo hakuna aliyenisema siku hiyo, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi mchana huo huo mwanangu akasema leo ndiyo leo, milango igawanywe. Na kama ilivyo kwetu, kusikia tu shauri limeanza, kila mpita njia akaingia kuchangia.

Mwalimu mstaafu akasimama kati. "Kwa kazi za ofisi, hilo duara. Fomu nyingi zinafunguka humo bila ugomvi. Nimefanya utafiti. Tunaelewana?"

Kijana wa bodaboda akachungulia na helmeti kichwani. "Bi mkubwa, sikia. Pete nyekundu ndo mpango mzima. Bando halikatiki ovyo, inabana matumizi. Sisi kitaa wote huko huko, yaani."

Mama wa kopi naye hana kompyuta, hana simu ya kioo, akasema yeye anapenda wimbi la bluu kwa sababu linafanana na kanga yake.

Mwanangu alikuwa anapima kweli kweli. Moja inafungua haraka lakini inaielemea kompyuta yake ambayo ni ya zamani. Moja inazuia matangazo. Moja inajaza majina yenyewe, na hilo dukani ni hatari, fomu ya huyu inakuja na jina la yule. Wakabishana mpaka feni ikachoka.

Mimi nikawaambia, "Nyumbani kwangu nina ndoo mbili. Moja ya maji ya kunywa, ina kifuniko, ina kata yake. Nyingine ya kuogea. Maji yamechotwa kisima kimoja. Hakuna mtu anayeniuliza ndoo ipi bora. Ubora ni kwamba kata ya huku haiendi kule."

Mwalimu akavua miwani. "Bibi, hilo ndilo nililokuwa nataka kusema."

"Ulichelewa. Tunaelewana?"

Shauri likakatwa hivi: duara la rangi ni la kazi, na mwanangu haangalii hata gauni humo. Akiondoka kwenye kiti anafunga kwa namba zake za siri. Wa kwangu nikachagua mwenyewe. Nikamchagua mbweha. Pete nilikataa, mambo ya pete niliyamaliza zamani. Wimbi sikulitaka, mimi kuogelea sijui. Mbweha amejikunja kama bibi aliyelala karibu na moto, na mimi namfahamu mtu wa namna hiyo. Mwanangu akaninong'oneza kwamba hapa naweza kukusanya vyombo vyote ninavyotaka, hakuna sahani ya mtu.

Zikapita wiki. Nilirudi Nandagala nikapanda, nikaja tena Ruangwa. Kila asubuhi nikifika dukani nilikuwa namuuliza mwanangu kitu kimoja kabla ya salamu, naye anaingia kwenye mlango wa kazi, anaangalia, anatikisa kichwa. Mimi mieleka ikaniishia utamu. Jamaa wanaangushana, mimi nawaza Mnero.

Siku moja akaangalia na hakutikisa kichwa. Akaniita, "Mama," basi.

Tulipiga simu kwa yule baba, tukamwambia aje tu. Akaja amejaa vumbi, fimbo mabegani, akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri hukumu. Mwanangu akanitazama: sema wewe. Nikachukua ufagio wangu nikauweka mabegani. Nikavuta pumzi.

"Cha kwanza uuguzi!" nikapaza. "Cha hapa karibu, nimwone!"

Akasimama hivyo hivyo. Halafu uso wake ukaanza kufanya kazi, kidogo kidogo, kama ardhi inayopasuka mbegu ikitoka. Akaiweka fimbo chini. Akaja mpaka kwenye kiti changu cha plastiki, akakikalia, jitu zima magoti yamefika kidevuni. Akakunja midomo. Akasogeza panya ya kompyuta kwa kidole kimoja, macho ameyabana, na kwa sauti nyembamba ya bibi mmoja ninayemfahamu sana akasema:

"Mtandao umerudi, mwanangu. Na nimekukusanyia vyombo."

Miaka yote hii nawaiga watu, hakuna aliyewahi kuniiga mimi. Kumbe navuta pua hivyo? Kumbe kichwa nakiinamisha? Mama wa kopi alikuwa ameshakaa sakafuni, kanga imemtoka. Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Alipoinuka nikamwambia hicho kiti hakitoki hivi hivi, aliyekikalia ni mtani wangu kuanzia leo, na kwetu mtani anadaiwa maziwa. Akasema kwake mtani anadaiwa mbaazi, na ng'ombe wake wana hamu.

"Thubutu!" nikasema.

Maziwa alileta, kibuyu kizima cha mgando. Tuliyanywa pale pale dukani, na nikamfungulia mbweha wangu, tukaangalia wote mieleka. Yeye alikuwa anamshangilia kila anayeangushwa.